Jina la Mjukuu na Ruta ya Pembe Sita

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Aneth kapiga simu asubuhi. Ni kitindamimba wetu, yuko Ufini na mumewe, mwezi uliopita kajifungua mtoto wa kiume. Nimepokea nikiwa juu ya kichuguu nyuma ya choo. Hapa kwangu Nyahanga mtandao unapatikana hapo tu, tena uinamishe kichwa kushoto. Picha ikaganda. Nimemwona mjukuu wangu nusu uso. Mama Aneth akasema na yeye amwone, akapanda, picha ikakata. Akashuka. Sikupenda alivyoshuka.

Habari yenyewe kubwa. Kwa haki mtoto ni wa kwao mkwe, watu wa Muleba. Ng'ombe wao wa mahari nilishapokea, nimeshawauza. Lakini kijana kasema kwa heshima yangu jina nitoe mimi. Jumapili baada ya ibada, kwenye video, Muleba wanatazama, Ufini wanatazama. Nisipoonekana, babu wa Muleba atatoa jina la baba yake. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Mimi nataka Jilala, baba yangu. Nimezaa mabinti watupu. Jina la Jilala likimkosa mtoto huyu, limezikwa.

Kwa hiyo Aneth katuombea mtandao wa nyumbani. Ule wa waya mwembamba unaopita kwenye nguzo, faiba. Fundi anaitwa Donatus, atakuja Alhamisi. Kasema baba, usinunue kifaa chochote, kila mtandao una vifaa vyake, mngoje fundi. Nimesema sawa mwanangu.

Jirani yangu Boaz anao tayari. Kijana wake alipooa kule Dodoma, alitukaribisha mtaa mzima sebuleni kwake tutazame harusi kwenye video, viatu tukavua mlangoni. Soksi yangu ilikuwa na tundu, kidole nje. Boaz alitazama tu, akaniletea soda ya kwanza. Mpaka leo ile soda iko kooni.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda mjini, dukani kwa Lalji. Kungoja fundi ni kazi ya watu wasiojua kununua. Mimi nimenunua ng'ombe minadani tangu sijaota ndevu. Ng'ombe mbaya hajawahi kuingia zizini kwangu, ila wale waliokufa njiani.

Lalji mwenyewe kazeeka, anasinzia kwenye kiti. Anayeuza ni mjukuu wake Nisha, binti mwenye maneno. Kaniamkia vizuri, shikamoo babu, nikaitika marahaba. Akauliza mtandao wa kwangu ni wa faiba au wa waya wa simu ya mezani. Mnadani ukiulizwa nyumbani una nini, ukajibu, umeshachunwa. Na ukiuliza wewe, ndiyo wanajua u mgeni, bei inapanda. Nikamjibu binti, kwangu kila kitu kipo.

Akasema basi babu soma hapa kwenye boksi. Nimesoma la nne, tena Kiswahili. Boksi lina Kizungu. Nikalishika mbali, nikalileta karibu, nikasema ndiyo, ndiyo. Nisha akaniambia nimelishika kichwa chini.

Ruta, hivyo vifaa vya kurusha waifai kwa antena zilizosimama kama pembe, zilikuwa nyingi. Nyingine haina hata pembe moja, nyeupe, kama sahani ya sabuni. Nyingine pembe mbili. Juu kabisa kuna dume jeusi, pembe sita, zimesimama. Fahali unamjua kwa pembe. Nikasema lile. Nisha akasema lile ni la siku nyingi, limekaa hapo, afadhali nipige picha nimtumie fundi kwanza, yeye Nisha ataniwekea boksi. Akasema pia boksi likishafunguliwa halirudi. Nikalifungua hapohapo kaunta, ajue anaongea na nani. Lalji akafungua jicho moja, akalifunga.

Jioni nimelichomeka ukutani. Taa zimewaka, nyingi. Simu yangu ikaonyesha alama ya waifai imejaa mpaka juu. Nikatoka barabarani nikawaambia watu mtandao umefika kwa Mwigulu, ndiye mimi, Jumapili mjukuu anaitwa Jilala, wala fundi sikumhitaji. Wakaja na simu zao. Zikajaa alama zote. Hakuna iliyofungua kitu. Inazunguka, inazunguka. Mama Suzana, yule muuza dagaa, akasema labda bado unatembea kutoka Ufini. Wakacheka. Boaz alikuwa kwenye uzio wake. Hakucheka. Kanisalimia Kisukuma, mwadila Baba Aneth, akaingia ndani.

Jumatano, 8 Oktoba

Sikutoka. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Donatus kaja na ngazi. Kijana mwembamba, mpole. Kavuta waya kutoka kwenye nguzo, mweusi kwa nje, akaupenyeza dirishani. Mimi nikaleta dume langu la pembe sita, nimelifuta vumbi. Akaligeuza nyuma. Akasema mzee, hili mdomo wake ni wa waya wa simu ya mezani, waya wangu wa faiba hauingii humo, ni kama kulisha punda kupitia sikio. Mfano wake haukunipendeza.

Akatoa cha kwake kwenye begi. Sahani ya sabuni. Nyeupe, haina pembe. Kasema hiki ndicho kinachokwenda na waya huu, waifai imo humohumo, itaenea nyumba yote, mzee usiongeze kitu, usipunguze kitu. Akachomeka.

Papo hapo Aneth akatokea kwenye simu, uso mzima, na mtoto mzima. Mama Aneth akakaa chini sakafuni. Akamtazama mtoto anavyopiga miayo. Akamwita Jilala kwa sauti ndogo, nikamwambia subiri Jumapili. Hakunisikia. Alikuwa anagusa kioo.

Siku njema. Ningeishia hapa ningekuwa mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Boaz kaja kutupongeza. Kaleta ndizi. Akatazama kabati la runinga, akaona sahani ya sabuni, akauliza kwa upole ile yenye pembe iko wapi. Nikamwambia ile ni ya siku kubwa. Nikamwambia hii ndogo ni ya kuonjea, Jumapili tunafunga fahali. Akasema haya, tutaona. Mama Aneth akanitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu tulipooana.

Basi nimeshasema. Mtu mzima akishasema harudi nyuma.

Mama Aneth alipokwenda kusaga, nikachomoa waya wa Donatus. Ncha yake kweli haiingii kwenye dume. Lakini mimi ni mtu wa Bulyanhulu, nimechimba enzi za wachimbaji wadogo, waya za pampu tuliunga tukiwa shimoni, maji kiunoni, tunamenya kwa meno. Waya wa nyumbani utanishinda? Nikachukua kisu. Nikamenya ganda jeusi. Ndani ganda jeupe. Nikamenya. Ndani nilitegemea shaba. Hakuna shaba. Kuna unywele mmoja wa kioo. Nikaupinda ili niusokote, ukakatika kama tambi mbichi. Nikamenya tena mbele kidogo. Ukakatika tena. Kipande kimeingia kidoleni, hakionekani, kinachoma.

Nikarudisha kilichobaki kwenye sahani ya sabuni. Taa nyekundu. Nikaizungumzisha. Nyekundu.

Nikapanda kichuguu nikampigia Donatus. Yuko Kharumwa, wanafunga mtandao kwenye ofisi, hatarudi kabla ya Jumatatu. Kauliza nini kimetokea. Nikasema panya. Akaomba picha, nikamtumia, ilichukua muda kufika. Akanipigia. Kasema mzee, panya hutafuna. Huyu wa kwenu kamenya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Aneth kaamka, kawasha simu amwone mtoto. Nikamweleza habari ya panya. Akaenda dirishani, akashika ncha ya waya. Akaona maganda niliyosahau kufagia. Akaona kidole changu nimekifunga kitambaa. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Akajifunga kitenge akatoka, nikajua anakwenda wapi, nikashindwa kumwita.

Karudi. Kasema Boaz kasema sebule ni yetu Jumapili, viti vipo, tujione nyumbani. Nikauliza alicheka. Akasema hapana. Nikauliza hata kidogo. Akasema Baba Aneth, mtu kanipa sebule yake nimwone mjukuu wangu, wewe unauliza meno yake.

Nimekula peke yangu. Chakula hakina ladha.

Nafikiri. Babu wa Muleba anione nimekaa chini ya picha za wajukuu wa Boaz, kwenye kochi la Boaz? Jina la baba yangu litoke kwenye kochi la Boaz? Haiwezekani. Mtandao wa Boaz umejaa mpaka unavuja nje ya ukuta. Dume langu lina pembe sita. Likisogezwa ukutani kwake, pembe zitavuta. Mimi nikae upande wa pili na simu yangu, nyuma yangu pazia letu la maua, nani atajua si kwangu? Sijamwambia mtu. Waya wa kurefushia umeme ninao, unafika.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Baada ya ibada nikamwambia Mama Aneth atangulie, mimi navaa koti. Nikavaa koti kweli. Nikapitisha waya wa umeme chini ya uzio, nikaingia kwa nyuma, kati ya banda la kuku la Boaz na ukuta wake, chini ya dirisha la sebule. Pazia nikalitundika kwenye wavu wa banda. Nikalielekeza dume ukutani, pembe zote. Taa zikawaka. Simu ikajaa alama. Nikapiga. Inazunguka.

Nikageuza pembe. Inazunguka.

Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Nasikia Aneth anawaamkia, shikamoo mama, shikamoo Baba Benjamini, ndiye Boaz huyo. Nasikia sauti nzito ya mzee wa Muleba. Nasikia Aneth anauliza baba yuko wapi. Mama Aneth anasema anakuja, anavaa koti. Wakangoja. Wakasalimiana tena. Aneth akauliza tena. Mama Aneth akasema njia imemchelewesha, nadhani. Njia gani, tumepakana uzio.

Mtoto akaanza kulia. Mzee wa Muleba akakohoa. Akasema kwa adabu tu, hana ubaya, kama babu wa Nyahanga amepata dharura basi mtoto asikae bila jina, wao upande wao wako tayari.

Hapo ndipo pa kusimama. Ningesimama tu, kichwa changu kingetokea dirishani. Lakini nikaona watakachoona. Mzee mwenye koti anachomoza kutoka kwa kuku, na pazia, na pembe sita. Mkwe anaona. Ufini wanaona. Nikasema ngoja kidogo, labda itafunguka. Miguu nayo imekufa ganzi. Nikaitazama simu inavyozunguka, na jina la baba yangu liko mdomoni.

Boaz akaongea. Kasema wazee wenzangu, samahani, mwenye neno yuko njiani, lakini neno lake aliliacha. Mtaa mzima tunalo, wiki nzima anatupitia mlango kwa mlango. Mtoto ni Jilala. Ni jina la baba mzazi wa Baba Aneth, mtu wa kazi, hakuacha mjukuu wa kiume wa kumbeba. Mama Aneth akasema ndiyo, ni Jilala.

Kisha mzee wa Muleba akalitamka polepole, Jilala. Akasema jina zuri, zito. Vigelegele. Mtoto akanyamaza, au vigelegele vilimfunika.

Mimi chini, nimejiziba mdomo kwa mkono wenye kidole kibovu. Baba yangu kaitwa na mtu mwingine, na kaitwa vizuri.

Jogoo akapanda kwenye dume langu, likaanguka. Ndani wakauliza nini hicho. Boaz akatoa kichwa dirishani. Tukatazamana. Akaona koti, akaona pazia, akaona pembe. Sijawahi kutazamwa hivyo. Akarudisha kichwa, akavuta pazia la dirisha polepole. Nikamsikia anawaambia ni kuku.

Nikarudi nyumbani kwa magoti mpaka uzioni.

Mama Aneth karudi. Hakuuliza nilikuwa wapi. Kasema mtoto kalichukua paji langu la uso, mimi babu yake. Kisha akanigeuza, akaleta maji na kitambaa, akanifuta mavi ya kuku mgongoni kwenye koti. Alifuta kwa muda mrefu kuliko yalivyokuwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Donatus kaja, kakata ncha, kaunga nyingine kwa mashine yake, taa ya kijani. Panya hakumtaja. Kaniambia tu mzee, nakuomba.

Nimeongea na Aneth, uso mzima. Kauliza baba, jana ulikuwa wapi. Nikamwambia mwanangu, hujakua na wazee, hujui. Mzee mkubwa hatoi jina kwa kinywa chake. Ana msemaji. Nilimtuma Boaz. Akanitazama bila kupepesa, nikadhani picha imeganda. Akasema sawa baba. Akanionyesha Jilala. Kweli paji ni langu.

Mchana nimepita mashine ya kusaga, watu walikuwapo, nikawaeleza hivyohivyo. Boaz alikuwa anangoja unga wake. Wakamgeukia. Boaz akasema ni kweli, nilitumwa. Akabeba unga wake akaondoka. Mtu mzuri, Boaz, ukimtuma anatumika.

Basi Mama Suzana akanifuata. Na yeye anataka mtandao, binti yake Ritha yuko chuoni, anamkumbuka. Kaambiwa angoje fundi mpaka mwezi ujao, kaniuliza mimi anunue kifaa gani. Nimemwambia mwezi mzima wa nini, fundi wa nini. Kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba yake waya zimejaa, nimeziona. Kesho asubuhi naenda kumfungia mwenyewe. Kaniuliza kama kweli nina uhakika na kazi hiyo.

Nimemwambia apige simu Ufini, aulize mjukuu wangu anaitwa nani.