Utepe wa Mzee Mokua

Sokoni Keumbu, Duke alimwona mgeni akinunua santuri kuukuu, imekwaruzika kama mgongo wa punda, kwa bei ya mbuzi. Akaweka kikombe cha chai chini taratibu. Huyu ndiye Duke aliyewahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu wa kanisa moja, na wote wakamshukuru.

Santuri ile ilitoka kwa kampuni ndogo ya marehemu Mzee Mokua wa Ekerenyo. Kufikia Jumapili, Duke alikuwa ametangaza Nyamira nzima kwamba santuri za mzee zinachapwa upya, wanaotaka waweke arbuni. Waliotaka walikuwa wengi. Shida ilikuwa Bosire, mwenye hoteli.

"Tuonyeshe kwanza utepe waliorekodia," Bosire alisema. "Bila utepe, hakuna mtu kutoa kitu."

Duke akapanda Ekerenyo. Kufika kwa mjane, Mama Drusilla, ilibidi ainame kupita kwenye shamba la wimbi, maana lilizungushiwa utepe mweusi wa kufukuza ndege, unametameta na kuvuma kama nyuki.

"Magokoro," alimwita kwa heshima ya nyanya, kofia mkononi, "nimekuja kufufua jina la mzee. Santuri zake nitazitoa upya."

"Mzee mwenyewe hakurudia hata moja," bibi alisema akichambua chinsaga. "Kiwanda hakikuwasha mashine chini ya santuri mia tano. Enzi hizo wanaoulizia ni ishirini, na kumi na tano ni mashemeji wanaotaka za bure. Mpiga gita naye amegombana na mpiga ngoma, kila mmoja ati wimbo ni wake. Mzee akipata kidogo, anakimbilia kurekodi mpya. Wewe utawezaje?"

"Mambo yamebadilika, magokoro. Siku hizi wanakuchapia hata kumi."

"Hata kumi?"

"Hata tatu, ukiongea nao vizuri."

Mikono ya bibi ikasimama juu ya mboga. Duke akajua amemgusa moyo.

"Basi nitakupa utepe," bibi alisema. "Lakini mimi maji nateka mtoni. Niletee tangi, lile jeusi kubwa."

Tangi lilimla Duke pikipiki yake. Alilileta, akapewa kisanduku kilichoshonewa ndani ya gunia. "Usikifungue njiani, mwanangu. Vumbi linaua sauti."

Hotelini kwa Bosire watu walijaa hadi mlangoni. Duke alikata uzi wa gunia polepole, kama mchungaji anayefungua Biblia mpya. Ndani mlikuwa na gurudumu la utepe, limezungushiwa uzi wa kufumia sweta, wa kijani.

Bosire akavuta uzi kidogo, akauweka sikioni. "Mpiga gita bado hajafika," akasema. Watu walicheka hadi mandazi yakaungua.

Kesho yake Duke alipanda Ekerenyo kwa miguu. Pale kwenye wimbi utepe ukamnasa sikio. Akasimama, akautazama kutoka mti hadi mti.

"Magokoro, ndio huu?"

"Ndio huo. Uliposema kiwanda kinachapa santuri tatu, nikajua hata mashine yake hujawahi kuiona."

"Basi nirudishie tangi langu!"

"Libebe. Mvua ya jana imelijaza pomoni, na wazee wa kanisa wameshaliombea."

Wazee wenyewe walikuwa wameketi kando ya tangi, wanakunywa uji. Mmoja akampungia mkono.

Duke akaligeuzia tangi mgongo. "Na utepe, je?"

"Uje mwezi wa nane, tukishavuna wimbi," bibi akamwambia kwa upole. "Sasa hivi uko kazini."