Vidole Vinne vya Baba

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ukungu mzito asubuhi, baridi ya sweta mbili. Mbawala amekula tena. Nimehesabu mwenyewe: mistari kumi na minne ya maharage, majani yote kwisha, vijiti vimebaki vimesimama kama wanafunzi walionyolewa. Mnyama huyu hana haraka. Anamaliza mstari mmoja mpaka mwisho, ndipo anageuka kuanza wa pili. Kwa hilo namheshimu.

Bwana wanyamapori amekuja, ametazama, ameandika kibali. Mbawala mmoja, mwisho Jumapili tarehe kumi na moja.

Jioni Baba alituita barazani, mimi na mdogo wangu Kajetani. Macho yake yanafifia, naye hataki kusemwa. Jumatatu ijayo anakwenda mjini, polisi, na gobore la babu. Ama leseni iandikwe jina la mmoja wetu, ama gobore libaki huko huko kaunta. Sharti ni moja: atakayelishindilia peke yake, bila kuelekezwa, likalia na mbawala wa maharage mbele yake, ndiye mrithi. Kajetani Jumamosi, mimi Jumapili.

Kajetani alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, dada Kune, wewe bunduki uliishika wapi, sekondari?

Kweli. Yeye alipokuwa porini na Baba, mimi nilikuwa bwenini nakariri. Hakuna aliyeniuliza kama ningependa kwenda porini.

Ningependa.

Nina miaka arobaini na tisa. Nimefunga duka langu la madaftari kule Ruhuwiko, nimerudi kijijini kumtunza Baba. Nalitaka hilo gobore. Nimepigia mstari.

Jumanne, 6 Mei

Mawingu, manyunyu kidogo saa mbili.

Baba amekataa kufundisha. Sharti ni sharti. Nikatumia akili. Nikamletea togwa, nikamwomba anisimulie mbawala wake wa kwanza. Hadithi si maelekezo!

Amesimulia saa nzima na nusu. Ameanza na harusi ya shangazi, amepitia mafuriko, ameacha mbawala kichakani akaenda kunywa maji. Lakini kila alipofika kwenye gobore mikono yake ilifanya kazi hewani, nami nikaandika. Baruti kutoka kwenye pembe, kipimo kimoja. Kizibo cha nyuzi za gome. Risasi. Kizibo tena. Unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu. Kisha unauacha mdeki ndani ya mtutu na kupima kipande kilichobaki nje: vidole vinne. Vikipungua, kuna kitu umesahau. Vikizidi, umerudia. Mdeki haudanganyi, alisema. Mwisho unatia baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, unavuta nyundo yenye gumegume, jiwe linagonga chuma, cheche, moto unaingia ndani. Buuu!

Alipofika kwenye buuu alitabasamu. Mama ndiye aliyekuwa akimbebea pembe.

Nimepanga hatua nane, ukurasa mzima, wino mweusi, kila hatua na kisanduku cha kuwekea alama ya vema. Nyuma ya ukurasa huo huo, maana sipendi kupoteza karatasi, nimeandika mpango wangu kuhusu Kajetani, na sentensi mbili kuhusu mke wake, wifi Notburga. Sitazirudia hapa.

Jumatano, 7 Mei

Jua zuri.

Tatizo la kitaalamu. Vidole vinne vya nani? Vyangu vikipangwa pamoja ni sentimita saba. Nikangoja Baba asinzie kitini, nikaenda na rula. Sentimita tisa na nusu! Nikapima tena kuhakikisha. Akaniambia, bila kufumbua macho, akiniita kwa jina la mwanangu, mama Pamela, ukimaliza vidole kuna na mguu.

Nimesema nilikuwa natafuta kucha ndefu za kukata. Basi nikalazimika kuzikata zote. Na za miguuni.

Ijumaa, 9 Mei

Ukungu, kisha upepo.

Jana sikuandika, nilikuwa mtoni natafuta jiwe. Limepatikana: jeusi, dogo, ukubwa wa gumegume la Baba hasa hasa, lakini laini kama yai. Halitoi cheche hata ukililia.

Notburga ameleta kande. Kama kila siku. Amenijulisha kwamba ameshafagia nyuma ya jiko pa kuchunia mbawala, maana Kajetani hajawahi kukosa. Akauliza kwa huruma kama Jumapili nitahitaji mto wa kuweka begani. Nimemshukuru kwa kande mara mbili.

Mbawala: mistari mitatu zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Anga safi.

Mpango umefanya kazi! Mchana nilijitolea kupangusa gobore vumbi. Baba alisema vizuri, binti yangu. Nililegeza skrubu ya nyundo, nikatoa gumegume, nikafunga jiwe la mtoni. Dakika nne. Gumegume halisi likaingia mfukoni kwangu, ndani ya leso.

Jioni tulikaa mwisho wa shamba, Baba kwenye kigoda, Notburga na karai la nyama tayari mapajani. Kajetani alishindilia gobore huku anapiga mluzi. Hakuangalia chochote. Mikono yake ilikwenda kama ya Baba, ile ile, hata kidole kidogo kilijikunja vile vile. Nikaona haya kidogo. Nikaacha.

Mbawala akatoka. Kajetani akalenga. Ta. Akavuta nyundo tena. Ta. Tena. Ta. Mbawala akamsikiliza mpaka mwisho, akaondoka zake.

Kajetani alisema ni unyevunyevu. Kajetani akatoa shindilio lote kwa ule mdeki mwingine, wenye chuma kilichojikunja nchani kama mkia wa nguruwe, akakabidhi gobore likiwa tupu. Notburga akarudi nyumbani amejifunika karai kichwani.

Nimerudisha gumegume mahali pake. Jiwe la mtoni nimelisahau juu ya benchi, si kitu.

Jumapili, 11 Mei

Baridi kali, jua la baadaye. Misa ya kwanza. Notburga alisoma somo. Anasoma vizuri, lazima niseme, sauti inafika mpaka nje kwenye baiskeli.

Sasa niandike yote kwa utaratibu.

Nilijiandaa mapema. Mchana, nyumbani, nilipima baruti kwa makini, nikaitia kwenye kichupa cha dawa ya mafua, nikakiweka kikapuni. Kwenye kisanduku cha hatua ya kwanza, BARUTI, nikaweka alama ya vema.

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa mwisho wa shamba, wote wanne. Shajara imefunguliwa magotini kwenye hatua nane. Hatua ya kwanza: ina vema. Safi. Hatua ya pili: kizibo cha nyuzi za gome. Nyuzi ziko wapi? Ziko jikoni, juu ya mfuniko wa sufuria! Na mbawala huyo, anatoka vichakani, anaanza mstari wa kumi na nane!

Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilichana karatasi iliyokuwa mbele yangu, nikaikunja, nikaisokomeza mtutuni kwa mdeki mpaka chini kabisa. Kisha risasi. Kisha kipande cha leso. Safi sana. Nikatazama hatua ya tano inasemaje.

Hatua ya tano ilikuwa ndani ya mtutu. Hatua zote nane zilikuwa ndani ya mtutu.

Nilisimama. Nilijaribu kukumbuka hadithi ya Baba, ikanijia harusi ya shangazi. Nilikumbuka kisahani, kwa sababu ya Mama na pembe. Nikatia baruti kidogo kutoka kwenye pembe, nikavuta nyundo, nikaweka kitako begani, nikamlenga. Alikuwa ananitazama, shavu limejaa maharage yangu. Nikafumba macho nikavuta.

Fyuuu!

Moshi. Nyusi ya kulia imeungua. Buuu haikuja. Mbawala alinyanyua kichwa, akanitazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mchelewaji, akamalizia mstari, akaingia vichakani.

Baba alisema, kisahani kimewaka, bunduki haikuwaka. Alingoja mpaka akaridhika kwamba haitalia kwa kuchelewa, kisha akaomba mdeki. Akautelezesha ndani ya mtutu, akashika kilichobaki nje kwa vidole vyake. Kidole kimoja na nusu. Akasema, Kunegunda, humu hamna baruti.

Nikasema nina vema. Akauliza vema ni kipimo gani. Notburga akatazama kikapuni, akainua kichupa cha dawa ya mafua kikiwa kimejaa mpaka shingoni.

Kajetani akaleta mkia wa nguruwe, akazungusha, akavuta. Ikatoka leso. Ikatoka risasi. Ikatoka karatasi. Nikairukia, lakini wifi yangu ana mikono mirefu. Akaikunjua gotini, akasimama wima kama yuko kanisani, akasoma.

Alisoma hatua nane. Kwa kila hatua Baba alitikisa kichwa: ndivyo. Ndivyo. Kwenye hatua ya nane nilikuwa nimeandika kwenye mabano: hapa Baba alitabasamu, anamkumbuka Mama. Baba akatazama pembeni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kumbe siku ile ulikuwa unaandika? Nikasema ndiyo, kila neno. Nilidhani nimeokoka.

Notburga akageuza karatasi.

“Mpango,” akasoma. “Kajetani nitamwekea jiwe la mtoni, maana bila hivyo atanishinda, mikono yake ni ya Baba.” Akameza mate. “Wifi Notburga ni mwema, lakini kande yake ni mazishi ya mahindi. Naila kwa sababu ya kumwogopa Mungu.”

 

Kajetani ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa kwenye maharage. Akasema dada, ungeniambia tu kwamba mikono yangu ni ya Baba, ningekuachia bunduki siku hiyo hiyo! Notburga hakucheka. Aliikunja karatasi vizuri sana, mara nne, akanirudishia.

Baba ameamua. Gobore na leseni ni vyangu, kwa sababu nimeyashika maneno yake. Gumegume ni la Kajetani, kwa sababu ameishika kazi yake. Alilifungua mwenyewe kwa kupapasa, akamtilia Kajetani mkononi. Atakayemtaka mbawala, alisema, amwite mwenzake. Nami, akaongeza, nitakaa hapa katikati nisikilize.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua ya ghafla alfajiri, kisha jua.

Tumekwenda mjini wote watatu, Baba, Kajetani na mimi. Fomu zimejazwa. Nilijaza mimi, kwa herufi kubwa. Baba alimwambia askari wa kaunta, huyu ni binti yangu, mwindaji. Askari alitazama nyusi yangu.

Kibali cha mbawala kimekwisha jana. Nimemwandikia bwana wanyamapori ripoti: mnyama ametishwa. Asubuhi hii ametishwa mistari miwili zaidi.

Jioni Notburga ameleta kande, bakuli kubwa kuliko siku zote. Akasimama mlangoni mpaka nianze. Kijiko cha tatu kikagonga kitu. Jiwe la mtoni! Limeoshwa vizuri. Tukatazamana, halafu akaangua kicheko, akakaa, akachukua kijiko changu. Alipoonja akasema, kweli wifi, imekauka kidogo. Tumekula yote. Nampenda sana, sijui kwa nini sikuwahi kuliandika hilo.

Hata hivyo. Mrithi wa gobore hawezi kwenda kupiga hodi kwa mdogo wake kuomba jiwe kila mbawala anapotokea. Nimemwandikia ujumbe Daimu, niliyesoma naye sekondari, mfanyabiashara wa korosho Nakapanya, kama huko gumegume zinapatikana. Amejibu kwamba yu mzima, alhamdulillah, na kwamba siku hizi watu hununua viberiti. Nimemsisitiza.

Ikishindikana, Kajetani huvua koti akienda kuoga, na gumegume liko mfuko wa kushoto.

Nimeandika upya hatua nane, safi, wino mweusi, visanduku vyote. Mpango wa koti nimeuandika nyuma yake. Sipendi kupoteza karatasi.

Nalala, saa tatu na dakika kumi.