Amri ya Meya Ottó Kuhusu Chafya

Mwishoni mwa Agosti, Meya Ottó alitangaza rasmi kwamba parlagfű imetokomezwa mjini. Gugu hilo, ambalo chavua yake huwaliza Wahungaria kila kiangazi kikiisha, lilikuwa limefika kiunoni nyuma ya stesheni. Lakini shamba lile lilikuwa la shemeji yake meya, kwa hiyo kirasmi halikuonekana.

"Kuanzia leo," alisema, "chafya ya hadharani ni uenezaji wa taarifa za uongo. Mkosaji atalala polisi. Hakuna msamaha kwa yeyote."

Gizella, afisa habari wake, ndiye aliyeiandika amri hiyo, macho yamevimba, pua imewiva kama pilipili. Nyumbani mama yake, mwenye pumu, alikuwa hajalala kwa kukosa pumzi.

"Mheshimiwa, mama yangu atanifia. Tufyeke tu lile shamba."

"Gizella dada'angu, tufyeke kitu ambacho hakipo? Watu watatuelewaje?"

Habari za ushindi zikafika Budapest, na naibu waziri wa afya akaja na nishani. Siku hiyo upepo ulivuma kutoka stesheni. Jukwaani Gizella alijibana pua mpaka masikio yakaziba.

"Thubutu uone!" meya alimnong'oneza.

Naibu waziri akashika kipaza sauti. "Nawapongeza kwa hewa safi na... haa... haa... chya!"

Kisha zikafuatana nyingine, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Koppány, polisi wa mji, akapanda jukwaani na kupiga saluti.

"Samahani mheshimiwa, tuongozane."

"Wewe! Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Ndiyo maana nimeanza na samahani."

Meya akaruka katikati. "Koppány, ile haikuwa chafya! Ilikuwa sehemu ya hotuba!"

"Hotuba gani, mjinga wewe!" naibu waziri alifoka, machozi yakimdondoka. "Hii ni parlagfű! Iko wapi?"

Meya akamkazia Gizella macho. Gizella akamfikiria mama yake, akanyoosha kidole.

"Nyuma ya stesheni, mheshimiwa. Kwa shemeji yake."

Jioni ile meya alikuwa shambani na fyekeo, suti yake imegeuka manjano kwa vumbi la maua, kamera za televisheni zimemzunguka. Mwandishi mmoja akamuuliza anafyeka nini.

"Sifyeki kitu," alijibu meya akihema. "Nafanya mazoezi."

Gizella, aliyesimama kando yake kikazi, akapiga chafya moja ya nguvu, akajifuta pua, akamwomba mwandishi aandike hivyo hivyo alivyoambiwa.