Nyayo za Tembo Asiye na Kucha

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mkutano wa wazazi shuleni. Mahindi yamekomaa, tembo wanatoka hifadhini kuyafuata, na watoto wetu wanapita mashambani humohumo kila asubuhi. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Verdiana, kasema shule peke yake haiwezi, wazazi tuwasindikize kwa zamu. Sawa kabisa! Lakini kiongozi wa wasindikizaji? Lukasi! Jirani yangu! Mtu ambaye hata kuku wake hawamsikilizi. Kapewa filimbi na reflekta, ile fulana ya kung'aa. Mimi, Melkizedek, nimepewa fimbo. Nikae nyuma.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata wazo. Kiongozi anatakiwa awajue tembo. Nimeamka kabla ya wote, nikabeba kinu cha mke wangu Siwema, nikagandamiza kitako chake kwenye tope la njia ya shule. Nyayo safi! Kisha nikawaita wazazi wenzangu. Nikawaeleza: dume, mzee, mguu wa kulia unamsumbua. Mwalimu Verdiana akauliza nilijifunzia wapi. Nikasema hifadhini Mikumi, miaka mingi. Kweli nilikuwa Mikumi. Nikiuza maji ya chupa stendi.
Lukasi akainama, akauliza mbona tembo huyu hana kucha. Nikamjibu zimelika kwa uzee. Wazazi wakanipa uongozi palepale.
Filimbi ni yangu! Na reflekta!
Jioni Siwema kauliza kinu chake kimepata wapi tope. Nikasema ni mbuzi. Hatuna mbuzi.

Jumatano, 7 Mei
Siku ya kwanza ya uongozi. Hakuna tembo. Reflekta inanikaa vizuri mno. Nimepita nayo dukani, ingawa duka haliko njia ya shule.

Alhamisi, 8 Mei
Tembo. Wa kweli. Kucha zote anazo.
Niko mbele na binti yangu Vaileth, watoto wengine wanafuata, Lukasi nyuma na fimbo. Mara mahindi yakapasuka, akasimama katikati ya njia, masikio kayatandaza. Nilitaka kupuliza filimbi. Pumzi hakuna. Nilitaka kukimbia. Miguu ikagoma, namshukuru Mungu. Nikamsikia Lukasi, sauti ya chini: "Msikimbie. Shikaneni mikono, turudi taratibu." Watoto wakatii. Mwalimu Verdiana alishawafundisha hayo darasani. Mimi tu ndiye ambaye sikusogea. Vaileth akanishika mkono. "Baba, twende. Usimkodolee macho." Akanirudisha kinyumenyume kama mgonjwa anayetolewa wodini. Tembo akavunja mhindi, akatafuna, akavuka zake.
Watoto wote wapo! Tumewahesabu, tukawahesabu tena. Mama mmoja alikaa chini palepale akacheka huku analia. Nami nililia. Nikasingizia vumbi. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Ijumaa, 9 Mei
Nimempelekea Lukasi reflekta na filimbi. Nikamwambia asante. Akasema, "Usijali, Baba Vaileth, wote wako salama." Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kinu cha Siwema, shemeji yake, kinaendeleaje.
Kumbe alijua tangu Jumanne! Na hajamwambia mtu! Nilirudi nyumbani mwepesi kama niliyetua gunia. Nimekula ugali mara mbili. Vaileth kaniambia Jumatatu niende naye nyuma, tutembee pole pole. Sijawahi kufurahia kuwa nyuma kiasi hiki. Uongo basi. Nimeacha kabisa.

Jumatatu, 12 Mei
Tumewafikisha watoto salama, hata kivuli cha tembo hatukukiona. Shuleni Mwalimu Verdiana kasema watoto wanasoma na njaa, wazazi wameleta unga wa uji, lakini hakuna mzazi wa kusimamia jiko. Ni lazima awe mzoefu wa kupikia watu wengi. Lukasi alianza kunyoosha mkono. Nikawahi! Nimewaambia nilikuwa mpishi mkuu kwenye hoteli moja Kilosa mjini. Makofi! Naanza kesho asubuhi.
Nimemuuliza Siwema, kama mtu anayejiulizia tu, hivi kwenye uji kinatangulia nini, maji au unga?