Nafasi Iliyobaki Kando ya Chungu

Malaba, Jumatatu, 6 Machi 1967

Mgeni wa chumba namba nne bado yupo. Anaitwa Bibi Piroska, Mhungari, mwimbaji wa michezo ya jukwaani, na eti pia ni mchoraji. Alikuwa akienda Kampala kwa gari la moshi. Sanduku lake la mavazi na pazia la jukwaa likapotelea njiani, naye ameshuka hapa kulingojea. Wengi hungojea mizigo Malaba. Lakini hawaimbi "aaa-eee-iii" alfajiri, mdomo umeelekea Uganda. Nimeanza kumchunguza.

Nikiwa njiani kununulia lojing'i yangu, hii nyumba ya wageni, sukari, nikamwona Mama Zilpa akija na karai la dagaa. Ndiye mamake Nerima, msichana ninayetaka kumwoa. Nikaruka mtaroni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hakuna kupeana mkono, hakuna kuketi pamoja, na kunywa pombe chungu kimoja hata hakutajwi. Suruali imechafuka lakini heshima ipo.

Wajomba wa Nerima wanakuja Jumapili kutoa jibu. Wakikubali, nina mke. Wakikataa, yupo Echodu, fundi cherehani, ambaye alimshonea Nerima gauni la Krismasi bila kumpima, na likamkaa sawasawa. Alijuaje kipimo?

Jumanne, 7 Machi

Bibi Piroska amenunua shuka zangu tatu. Anachora pazia jipya, maana mchezo wake unahitaji picha ya siku ya soko. Jumamosi ataimba uani kwangu, watu wote waje, pazia lifunuliwe. Sawa.

Lakini aliyeziunganisha shuka ni nani? Echodu! Nimewaona wakicheka. Mhungari na fundi wa Malaba wana kichekesho gani?

Alhamisi, 9 Machi

Nimelichungulia pazia. Soko lote limo, na watu wamefanana na wenyewe. Echodu yuko mbele na cherehani yake, meno yote nje. Na mimi? Nyuma kabisa, mdogo kama njugu, karibu na choo. Nilijua. Huyu mama amehongwa.

Nikamwendea kwa upole. Nikamweleza kwamba mwenye lojing'i hawezi kuonekana chooni siku moja kabla ya wajomba kuja. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Nairobi, kwamba mbele imebaki nafasi moja tu, kando ya chungu cha busaa, pombe yetu ya kunywa kwa mirija, karibu na mtu mwenye kitambaa kichwani ambaye bado hajamchora uso. Nikasema nataka hapo hapo. Akauliza kama sitaki kwanza kujua huyo jirani ni nani. Nikauona ujanja wake. Alitaka tubishane mpaka anirudishe chooni. Nikamwambia jirani ni jirani, tena anichore bega kwa bega naye, mrija mkononi, nionekane mtu wa watu.

Nimempiku Echodu bila kutoa jasho.

Jumamosi, 11 Machi

Siku mbaya.

Ua ulijaa, mpaka madereva wa malori na utingo wao walisimama ukutani. Bibi Piroska peke yake aliigiza watu watatu: askari kwa kofia, mjane kwa leso, mfalme kwa sufuria yangu. Hakuna aliyeelewa neno, na bado wanawake walilia. Macho yangu pia yaliwasha, ingawa huenda ulikuwa moshi wa jikoni. Mwishoni akavuta kamba na pazia likafunuka.

Yule mwenye kitambaa amepata uso. Ni Mama Zilpa. Ameketi bega kwa bega na mimi, mirija yetu ndani ya chungu kimoja, nami natabasamu.

Na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji jioni yote kwa ajili ya heshima yake! Mama Zilpa akajifunika uso kwa leso, akatoka. Nerima akamfuata bila kunitazama. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha madereva. Mzee Ongodia, mkubwa wa soko, akasema hajawahi kuona mkwe mwenye haraka namna hii.

Nikamnyooshea Echodu kidole mbele ya wote. Akajibu polepole, "Bwana Mukhwana, si ni wewe uliomba hapo? Mimi nilishona tu shuka."

Alijuaje kwamba niliomba? Njama imethibitika.

Jumapili, 12 Machi

Mambo yametengenea. Asubuhi mapema Bibi Piroska alikwenda mwenyewe kumwomba Mama Zilpa radhi, kisha akakifuta chungu na kuchora ng'ombe mkubwa mweusi kati yangu naye. Mzee Ongodia akaja kukagua, akaridhika. Ng'ombe akiwa katikati, mkwe na mama mkwe kila mmoja yuko mahali pake. Nerima alipita, akalitazama pazia, akacheka, akanitazama na mimi. Moyo wangu ulitulia. Wajomba watakuja kama ilivyopangwa, na watalikuta pazia hapa uani. Mzee Ongodia ameniagiza niketi tu, nisiguse kitu.

Nimeketi. Nimefikiri. Kwa nini ng'ombe, si ukuta? Mzee alimsifu sana nundu. Wajomba wakimwona watamtaka huyo huyo kwa mahari, na mimi nina mbuzi. Na nani alikuwa amesimama hapo ameshika kopo la rangi? Echodu.

Wote wako kanisani. Sauti ya Bibi Piroska inafika mpaka hapa, na brashi ameiacha. Nimempunguza ng'ombe mwili, nikamkata nundu, nikamtia kindevu. Sasa ni mbuzi safi, amesimama miguuni petu. Tatizo lilikuwa nafasi iliyobaki juu yake. Pazia lenye pengo linatia shaka. Nimeijaza kwa kujinenepesha mwenyewe: tumbo la mtu anayekula vizuri, bega pana, na mkono mrefu wa mtu mkarimu. Umefika mpaka shingoni kwa jirani, umetulia hapo vizuri kabisa.

Wajomba wanabisha hodi. Acha nivae koti.