Darasa la Nyumba Kati

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya. Nimepita barazani baada ya alasiri, kahawa haijanifika mdomoni, Jamaludin akaanza. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na kinywa chake hakijui likizo. Eti mwanawe Fawaz amepimwa na Bi Cherotich, mwalimu wa kile kituo cha kupima watoto, na ameonekana ana kipaji. Fawaz! Yule aliyekula chaki hadi akatapika meupe. Watu wote wakasema mashallah. Nami nikasema, shingo upande.

Kumbe nafasi ni moja tu. Mtoto mmoja atachaguliwa akasomeshwe bure Mombasa, shule ya watoto wa vipaji. Bi Cherotich atawapima waliobaki Jumatano ya wiki ijayo, ndipo ataje jina.

Nafasi hiyo ni ya binti yangu Afra. Ana miaka saba na kichwa ni cha kwetu. Nimefika nyumbani nikamuuliza saba mara tano. Akatazama juu ya ukuta, akaniambia paka ana mimba. Nikamtazama paka. Kweli ana mimba! Jicho hilo si la mtoto wa kawaida.

Jumanne, 9 Septemba

Hila ya kwanza. Nimemvizia Fawaz akitoka shule, nikampa halua anitajie maswali. Kala mpaka akalamba karatasi, ndipo akasema amesahau yote isipokuwa moja: chungwa na ndizi vinafanana vipi? Nikamuuliza yeye alijibu nini. Alijibu vyote viko kwao. Na huyu ndiye mwenye kipaji.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kumfundisha Afra papo hapo. Wapi! Huku punda wa mchanga wanalia, huku fundi anagonga mlango wake wa kuchonga, juu wapangaji na televisheni yao. Ndipo likanijia. Nyumba kati! Nyumba kongwe za mji huu zina chumba hicho, nyuma kabisa, hakina dirisha, kuta nene. Wazee wetu walikuwa wakioshea maiti humo. Tangu aoshwe Bibi Thuraya, mama yake baba yangu, hakuna aliyekifungua chetu. Chumba kimya kuliko vyote Lamu, na kinakaa bure.

Mke wangu Umulkheir aliweka mwiko chini. Akasema kile si chumba cha kukaliwa na walio hai, sembuse mtoto. Akanikumbusha wasemavyo wazee: chumba hicho kikikuuliza neno, usijibu. Nikamwambia vyumba haviulizi, walimu ndio waulizao. Nimeshaweka meza, ubao na taa ya kuchaji. Pamependeza.

Alhamisi, 11 Septemba

Ajabu! Nilimwingiza Afra alipotoka chuoni kusoma Kurani, nikaketi nje ya mlango kumlinda, usingizi ukanichukua. Nilipozinduka alikuwa amesimama mbele yangu anaimba hesabu ya saba yote, kwa mahadhi, kichwa kinayumba, vile tulivyofundishwa sisi zamani. Sikumfundisha mimi. Na shule siku hizi hawaimbi hivyo. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akasema na Bibi.

Nimetafuta kwenye simu. Watoto wenye vipaji huwa na marafiki wa kubuni. Imeandikwa! Kwa furaha nikamkumbatia. Ana baridi kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Humo ndani hamna maji. Basi itakuwa jasho la kufikiri.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo mkono wa kushoto nao. Na nywele. Na harufu ya karafuu maiti, ile tunayowatilia wafu kwenye maji ya kuoshea. Umulkheir ameapa hakuna hata chembe nyumbani. Nimemwambia pengine mama yake aliiweka sandukuni kwa ajili ya nondo.

Afra amebadilika hata lugha. Anasema kama wazee wa kale: ndoo badala ya njoo, mato badala ya macho. Chakula cha mchana hakukigusa. Alinitazama muda, kisha akasema kwa upole, "Kipopo, keti sawa."

Tonge nikalirudisha sahanini. Kipopo ni jina alilonipa Bibi Thuraya kwa kuwa nilikuwa nikilala mchana. Alikuwa mwalimu, akifundisha watoto wa mtaa mzima humu humu nyumbani, na bakora yake ilikuwa haikosi. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, na mke wangu nilimficha tangu tuoane. Nikaketi sawa.

Baadaye nikatulia, nikafikiri. Kumbukumbu ya kurithi! Fawaz anayo? Hana. Nikaenda barazani nikasimulia yote. Jamaludin akanikazia macho, akaniuliza Afra anasomea wapi. Nilipomwambia, akaweka kikombe chini akaondoka bila kuaga. Nimemshinda.

Jumapili, 14 Septemba

Vita nyumbani. Paka hamkaribii Afra tena, anampitia mbali, mgongo juu. Mtoto hachezi, hacheki. Ameketi tu, mikono magotini, anangoja saa ya somo. Umulkheir anataka kumpeleka kwa mama yake Matondoni leo hii. Nikamwambia tafadhali, hadi Jumatano, baada ya hapo hata mwezini mpeleke. Akaanza kulia. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hatulifanyi tukigombana.

"Badawi, mtoto anaoshwa," akasema. "Kila siku kiungo. Hajabakiwa na pengi."

Nikamjibu kwamba usafi ni katika imani. Lakini haya naandika mwenyewe na hakuna anayesoma: niliogopa. Adhuhuri nilimfunika Afra blanketi, nikaongeza la pili, na mwili haukupata moto. Nikakaa kando yake nikimpulizia vidole. Kisha nikakumbuka uso wa Jamaludin pale barazani, nikapata nguvu.

Jumatano, 17 Septemba

Siku yenyewe. Kituoni tumewekwa foleni moja na watoto wanaopimwa masikio na wanaopimwa macho. Nikamweleza kila mzazi aliyekuwapo kwamba wangu hana upungufu, wangu amezidi. Mama mmoja akahama kiti.

Bi Cherotich ni mtu wa bara, mpole, kicheko chake hakiko mbali. Leo kilikuwa mbali. Afra alikuwa akijibu maswali kabla hayajaulizwa. Lilipofika la chungwa na ndizi nikatabasamu, maana hilo nilishamkaririsha aseme ni matunda. Afra akasema, "Vyote huoza."

Kisha akapewa picha za mtu azipange: mtoto mchanga, mwanafunzi, bwana harusi, mzee. Akazipanga sawasawa. Akabaki amenyoosha mkono, anangoja. Bi Cherotich akamwambia picha zimekwisha. Afra akamwambia hapana, haijaja ya kuoshwa.

Bi Cherotich akafunga faili. Akamtoa Afra nje, akaniuliza mimi. Mtoto anakula? Analala? Anacheza na nani? Anasomea wapi? Akasema mwenye kipaji naye ni mtoto kwanza. Asomee penye mwanga na watu, aulize maswali yake mwenyewe, achafuke, akosee. Leo hatampa alama. Nimrudishe akiwa ameshiba na amecheka, ndipo atakapomjua ni nani. Nikamuuliza hiyo ni ndiyo au ni siyo. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa kupimwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nafasi kapewa Fawaz! Jamaludin mwenyewe hajaja kujisifu, nashangaa, lakini habari imenifikia. Nimepandwa na hasira. Kosa si langu. Chumba nilitoa, taa nilitoa. Kosa ni la huyo mwalimu wa nyumba kati, kafundisha yasiyo kwenye mtihani! Nikaamua kwenda kulalamika. Umulkheir alikuwa ametoka kutafuta mashua ya Matondoni. Nikamshika Afra mkono, nikaingia naye chumbani humo, mara yangu ya kwanza kuingia wakati wa somo.

Taa ilikuwa imeshawaka. Sakafu imelowa. Afra hakwenda mezani. Alilala chali chini, akanyoosha mikono, akafumba macho, kama aliyezoea. Akasema limebaki somo la uso tu, na akilimaliza hatoki tena. Nikasema mashallah, kuhitimu huko. Maji yalikuwa yakimiminika mahali humo ndani na sikuyaona.

Umulkheir akaingia mbio, akamkumbatia mtoto amwinue. Hainuki. Kitoto cha miaka saba, kizito kama mlango wa mvule. Umulkheir anasoma Ayatul Kursi huku analia, mimi nimeshika miguu, miguu ni barafu. Nikaita Afra, Afra, sauti yangu mwenyewe siijui. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Ndipo ikafunguka, akasema Bibi anauliza.

"Nani aliyefungua darasa hili?"

Umulkheir akaniziba mdomo kwa kiganja. Akatikisa kichwa: usijibu. Swali likaulizwa tena, kwa kinywa cha mtoto wetu, safari hii polepole. Kifua cha Afra kilikuwa hakipandi sana. Umulkheir akamtazama, akamtazama, nikaona amefikia uamuzi. Akavuta pumzi, akafungua mdomo aseme ni yeye.

Hapo nilichemka. Yeye! Aliyepinga tangu siku ya kwanza! Meza nani aliingiza? Taa nani alinunua? Nikautoa mkono wake usoni mwangu, nikasema hadi kuta zikaitika:

"Mimi, Badawi. Wazo langu mwenyewe, sikusaidiwa na mtu."

Maji yakanyamaza. Afra akapiga chafya, akafumbua macho, akasema ana njaa.

Ijumaa, 19 Septemba

Huzuni. Afra amerudi sifuri. Amekula chapati akaomba nyingine. Paka amezaa, na mtoto anashinda na vitoto vyake, anacheka ovyo, nguo chafu. Nimemuuliza saba mara tano. Akasema arobaini na kitu. Kila alichofundishwa kimekwenda, hata Bibi hamkumbuki, na Umulkheir anambusu kana kwamba kaleta tuzo! Safari ya Matondoni kaivunja. Hataki kuniacha peke yangu, asema, wala hasemi kwa nini.

Lakini! Tangu alfajiri nina mambo. Nilikuwa napiga mswaki nikajikuta naimba hesabu ya saba, kwa mahadhi, hadi mwisho. Jamaludin alipobisha hodi nilishajua atakalosema. Mkono wa kulia umelowa, vidole vimekunjamana. Kabla ya adhuhuri, wa kushoto. Kisha miguu yote miwili. Mtoto alihitaji wiki nzima kufika hapa, mimi nusu siku. Ningelijua mapema! Tumehangaika kumpima asiye mwenyewe. Mwenye kipaji katika nyumba hii ni mimi, na Bibi alikuwa akinichapa bure.

Limebaki somo moja, leo baada ya alasiri. Nimeelekezwa nije na nguo nyeupe, isiyo na mshono wala mfuko. Kalamu haihitajiki. Kila shule na sare yake.

Umulkheir ameng'ang'ania kanzu yangu, machozi tu. Jamaludin kaja na shekhe na watu wa barazani, wamekaa hapo uani wananisomea Yasin. Hata Jamaludin analia. Ameniambia nafasi ya Fawaz yuko tayari kumpa Afra, ilmradi mlango wa nyumba kati niuzibe kwa mawe sasa hivi. Wivu hauna dawa. Afra naye kaniletea kitoto cha paka nikishike, kina joto, eti nibaki tucheze. Nimemwambia mtu haachi masomo kwa sababu ya paka.

Bibi ananiita. "Kipopo, ndoo." Sauti ni ile ile, ila safari hii hana hasira.

Nimewaambia wasiniwekee chakula, huenda somo likawa refu. Na Jamaludin asiondoke. Matokeo nitamsomea mwenyewe.