Pete Iliyokwenda na Maji ya Povu

Jumatatu, 4 Machi
Pete haipo! Imechomoka nikifua. Vidole vimekonda, na mwenyewe nimebaki mifupa tangu baba mtoto alipotutoka. Maji ya povu nikayamwaga uani kama kawaida, huku na kule, na pete ya dhahabu aliyonivisha humo humo. Na Jumamosi mama mwenye nyumba anamwaga zege uani kote, amechoka na matope. Nimemwomba angoje kidogo. Kasema pole mwanangu, lakini mafundi hawasubiri pete ya mtu.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, fundi bomba, kaniazima mashine yake ya kutafutia mabomba yaliyofukiwa. Kaonya nijifunze sauti kwanza: chuma hukoroma, dhahabu huimba. Ila karatasi ya sigara, ile inayong'aa, nayo huimba vile vile.
Sikungoja somo liishe. Nikachimba. Karatasi. Karatasi tena. Zote za marehemu! Alikuwa akivutia sigara nje ili moshi usimfikie mtoto, nami nikimgombeza kwa kuchafua uwanja. Nimeziosha, nimezianika dirishani.

Jumatano, 6 Machi
Akili ni nywele, na leo nimezipata zangu. Nimefukia msumari, kijiko, na hereni moja ya dhahabu aliyoniachia mama. Kila kimoja nikakichomekea kijiti. Nimepita na mashine hadi mkono ukafa ganzi. Msumari unakoroma kama mlevi. Hereni inaimba! Sasa naijua sauti ya dhahabu. Nikaviacha ardhini nirudie somo kesho.

Alhamisi, 7 Machi
Vijiti havipo. Mwanangu kavitumia kuwajengea siafu nyumba. Nilitaka kumchapa, akanionyesha mlango na chumba cha baba siafu. Nikakaa chini.
Mashine sasa inaimba kila pembe. Hereni sijui tena niliifukia wapi; nimechimba, ni karatasi tu. Na jirani wa chumba cha mbele, tunayemwita Mama Ufagio, katangaza nina hazina. Kachimba mashimo mengi kuliko mimi. Jioni alikoroga chai mlangoni kwa kijiko changu! Nikamwambia: dada, hicho changu. Kasema cha ardhini hakina mwenyewe. Hereni nilipomuuliza, kaapa hajaiona.

Ijumaa, 8 Machi
Sikupata kitu. Mwanangu kauliza tukienda na mashine makaburini, je, baba ataita? Nikamwambia hapana, baba hakuzikwa na chuma chochote. Kawaza, kisha akasema basi tungempa pete, ingekuwa rahisi kumpata. Nimemwambia alale. Nimesema kwa ukali kidogo.

Jumamosi, 9 Machi
Zege limemwagwa. Nimesimama mlangoni mpaka karai la mwisho. Shemeji alikuja kuchukua mashine yake. Nikamsihi aniachie mara moja tu. Nikaipitisha taratibu pembeni, kando ya bomba, ninapofulia siku zote.
Ikaimba!
Si karatasi. Najua. Shemeji kasema: shemeji yangu, huwezi kujua, hata mimi sijui. Lakini mimi najua. Ni pete.
Zege lilikuwa bado bichi, wala mtu hakuruhusiwa kulikanyaga. Nitaazima nyundo likishakauka. Nisije nikapasahau, nimevua hereni iliyobaki, nikaididimiza pale pale kwa kidole, nikapasawazisha vizuri.
Sasa siwezi kupotea. Nikirudi na mashine, itaniitia mahali penyewe.